Mapacha Wasio na Kulwa

Mwanamke mmoja alizaa mapacha wa kiume, akakataa kusema yupi alitangulia.

Katika nchi yake hilo halikuwa jambo dogo. Kule Usukumani pacha anayetoka kwanza huitwa Kulwa na anayemfuata huitwa Doto, wala hakuna anayekaa kitako kuchagua. Majina yanakuja na watoto wenyewe. Na kijijini kwao Kulwa alikuwa wa kwanza katika kila kitu. Alinyolewa kwanza, alipakuliwa kwanza, mgeni akifika alisalimiwa kwanza. Doto alingoja. Mwanamke huyu, ukubwani akiitwa Milembe, alikuwa Doto mwenyewe. Ikinunuliwa kanga moja, ilikuwa ya dada yake. Wakiitwa, liliitwa jina la dada yake, naye akafahamu kwamba ameitwa pia. Hakumchukia dada yake, alimpenda sana. Lakini uchungu wa kuwa wa pili ulimkaa moyoni, na alipoona tumbo lake linakua kuliko kawaida, akaapa kwamba nyumbani mwake hatakuwapo wa kwanza wala wa pili.

Mkunga alikuwa bibi yake, mama wa mama yake, naye akafariki kabla watoto hawajaanza kutambaa. Wavulana wakaitwa Nkwabi na Luhende, majina ya babu zao, majina yasiyosema lolote juu ya nani mbele nani nyuma. Majirani walipouliza, Milembe alijibu kwamba walikuja pamoja. Wakacheka, wakasema njia yenyewe si pana kiasi hicho. Akawaambia wakatafute kazi ya kufanya.

Akawalea kwa haki, na haki yake haikuwa na ufa. Chakula kiliwekwa katikati. Nguo zilinunuliwa siku moja, kitambaa kimoja. Akimtuma mmoja, alimtuma na mwenzake. Wavulana nao wakakua wakiwa na moyo mmoja, kila mmoja akimtazama mwenzake kabla ya kufanya lolote, kila mmoja akichelea kumtangulia ndugu yake hata kwa hatua.

Sasa nyumba yao ilikuwa na mlango mwembamba. Watoto wakirudi kutoka machungani walifika mlangoni pamoja, na kila mmoja akasogea kando ili mwenzake apite. Wakangojana. Kisha kila mmoja, akiona mwenzake anamngoja, alikubali kupita asimkawize, na wote wawili wakaingia kwa mara moja, mabega yakagonga miimo ya mlango. Wakacheka, wakajipenyeza kiubavu, wakaingia. Milembe akiwa jikoni alisikia kishindo kile akajua wanawe wamerudi. Kikawa ndiyo hodi yao. Alikipenda kuliko ngoma yoyote aliyowahi kuisikia.

Walipokuwa vijana wakajifunza kupasua mbao. Kazi hiyo wakati ule ilikuwa ya msumeno mrefu wenye mpini kila upande. Gogo huwekwa juu ya shimo; mtu mmoja husimama juu ya gogo, mwingine huingia shimoni, vumbi la mti likimmwagikia machoni. Wa juu akivuta, wa chini hulegeza. Wa chini akivuta, wa juu hulegeza. Wakivuta wote, msumeno unasimama. Wakilegeza wote, unasimama vilevile. Wapasuaji wengine huhesabu kwa sauti au huimba ili wasipotezane. Nkwabi na Luhende hawakuimba wala kuhesabu. Kila mmoja aliuona mkono wa mwenzake ukitembea, akajua. Leo huyu alikuwa juu, kesho yule, maana mama yao aliwafundisha hivyo, na mbao zao zilinyooka mpaka watu wakawa wanakuja kuzitazama.

Siku moja wakapata kazi kwa tajiri wa mbao, mbali, kwenye pori la mininga. Milembe akawafungia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya njiani, kila mmoja fungu sawa na la mwenzake. Akawasindikiza mpaka mwisho wa shamba, akawapa neno moja tu.

“Msinirudie mmoja mmoja. Nisije nikaona mmoja kafika kabla ya mwenzake.”

Wakasema, “Sawa, mayu,” kama watu wa kule wanavyomwita mama. Nao walikuwa watu wa kushika neno.

Tajiri alikuwa na kambi mbili. Moja iliitwa Isongwa, upande wa mawio. Nyingine iliitwa Lubeho, upande wa machweo. Kati yake palikuwa na pori la mwendo wa siku nzima, mto, na daraja la magogo. Mabasi mawili yalitembea njia ile. Kila alfajiri moja liliondoka Isongwa na jingine Lubeho, yakapishana darajani mchana, madereva wakapigiana honi, kila moja likaendelea na safari. Simu za kutia mfukoni hazikuwapo.

Ukaja msimu ambao wapasuaji wengi walirudi kwao kulima. Tajiri akawagawa ndugu wale. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mbao za kupeleka. Nkwabi akawekwa Isongwa, Luhende Lubeho, kila mmoja akapewa mwenzake wa kushika naye msumeno. Siku ya kuachana walisimama kwenye kituo cha basi, wakawa hawajui pa kuitia mikono yao. Hakuna aliyewahi kulala mbali na mwenzake tangu kuzaliwa. Mmoja akasema, na msiniulize ni yupi, “Mvua za kwanza zikinyesha, tuwe pamoja.” Mwingine akaitikia. Hakuna aliyesema nitakuja kwako. Hakuna aliyesema uje kwangu. Kusema nitakuja kungekuwa kujitanguliza, na kusema uje kungekuwa kumwamuru ndugu, na hawakuwa wamefundishwa lolote kati ya hayo mawili.

Mvua za kwanza zikanyesha. Kesho yake alfajiri Nkwabi akapanda basi Isongwa, mzigo magotini, moyo umemjaa. Alikuwa na kipande cha mninga alichokichonga kigoda, zawadi ya ndugu yake. Mchana wakafika darajani. Basi la upande wa pili likapita likikaribia kuwagusa, vioo vikiwa vimelowa. Nkwabi akageuza uso dirishani, akaona uso wake mwenyewe kwenye kioo cha lile basi jingine, ukimtazama, kisha ukaondoka. Akatabasamu kidogo kwa jinsi alivyokonda. Baadaye sana, baada ya kufika, ndipo alipokumbuka kwamba uso ule ulikuwa na kofia, na yeye hakuwa amevaa kofia.

Watu wa Lubeho wakamwambia, “Ndugu yako kaondoka alfajiri. Kasema anakufuata.”

Akaoneshwa kibanda cha Luhende. Ndani kulikuwa na kitanda kimetandikwa, na juu yake kigoda cha mninga, kimechongwa miguu mitatu kama kile alichokuwa nacho mkononi. Nkwabi akaviweka vigoda viwili sakafuni, kimoja kando ya kingine, akakaa ukingoni mwa kitanda akalia.

Alipokwisha kulia akafikiri. Akasema moyoni: Luhende saa hizi amefika kwangu, naye ameambiwa nimeondoka. Atafanya nini? Akirudi huku kesho, inafaa nimngoje. Akiningoja kule, inafaa nirudi. Lakini Luhende namjua, hawezi kukaa, atapanda basi la alfajiri. Basi mimi nikae. Ilikuwa hesabu nzuri. Tena ilijengwa juu ya mapenzi, maana alimpima ndugu yake kwa hamu aliyokuwa nayo yeye. Na kule Isongwa, ukingoni mwa kitanda kingine, Luhende alikuwa anapiga hesabu ileile neno kwa neno.

Wakakaa wote wawili. Kila basi lilipofika, Nkwabi alikwenda kituoni akatazama wanaoshuka mpaka mtu wa mwisho, mpaka kuku wa mwisho. Kisha akafikiri tena. Akasema: Mbona haji? Bila shaka anajua kwamba mimi ndiye nisiyeweza kukaa, ndiyo maana ananingoja. Namtesa bure. Akapanda basi. Kule nako kukasemwa hivyohivyo, na mabasi yakapishana darajani yakipigiana honi.

Sasa kila mmoja alikuwa amerudi kambini kwake, na wakafanya jambo la watu wazima, wakatumiana salamu. Nkwabi akamwambia kondakta wa basi lake, “Mwambie Luhende akae hapohapo, mimi nakuja.” Luhende akampa kondakta wake salamu ileile. Salamu zikapishana darajani. Jioni ile kila mmoja alikuwa ameshafunga mzigo wa safari, akapata neno la ndugu yake kwamba akae, akaufungua. Wakangoja kwa utii. Waliposhindwa kuvumilia wakatumiana neno jingine: “Nimekaa kama ulivyosema, mbona huji?” Kila mmoja alipolipokea alijiona mkosaji kwa kumweka mwenzake, na alfajiri iliyofuata akakimbilia basi.

Naona mnacheka. Chekeni, hata watu wa kambini walicheka. Lakini nionesheni ni wapi walipokuwa wajinga. Walitaka kitu kimoja. Hakuna aliyejipenda kuliko mwenzake. Kila mmoja alifikiri vizuri na akamfikiria mwenzake vizuri, akamkisia sawasawa alivyokuwa. Mpishi wa Lubeho, mzee mwenye busara zake, alimshauri Nkwabi atulie. Mpishi wa Isongwa alimshauri Luhende atulie. Lilikuwa shauri jema mpaka lilipowafikia wote wawili. Waambie wote wakae, hawaonani. Waambie wote waende, hawaonani. Hakukuwa na shauri lolote duniani ambalo wangepewa wote wawili, wakalishika wote wawili, likawakutanisha. Walihitaji kitu kimoja, hata kidogo namna gani, cha kumtenga huyu na yule, na wote wawili wakijue. Na hicho ndicho walichonyimwa tangu kuzaliwa, kwa wema.

Mara ile ya mwisho walipopishana, mto ulifurika nyuma yao ukabeba daraja. Mabasi yakasimama. Nkwabi akabaki Lubeho na Luhende akabaki Isongwa, kila mmoja katika kambi ya mwenzake. Njia nyingine ya kuzunguka ilikuwapo, lakini ilipita nyumbani kwao, karibu na mlango wa mama yao, na walikuwa wameahidi kutoukaribia mlango ule mmoja mmoja. Kila mmoja aliifikiria njia ile. Kila mmoja akaona aibu kwa kuifikiria, akaiacha.

Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule. Nkwabi alilala kwenye kitanda cha Luhende. Shati la kazi la Luhende lilikuwa limetundikwa msumarini, akalivaa, likamtosha. Watu wapya waliofika kambini walimwita Luhende, naye akaacha kuwasahihisha, maana kusikia jina lile likiitwa kulikuwa afadhali kuliko kutolisikia kabisa. Akila ugali peke yake alijikuta amemega upande mmoja tu, na ule upande wa pili umebaki mzima, umepoa. Shimoni alishika msumeno na mtu mwema kabisa aitwaye Maduhu, na Maduhu alihesabu kwa sauti, moja, mbili, moja, mbili, na kila hesabu ilimwambia Nkwabi kwamba huyu siye. Alimtamani ndugu yake kama mtu anavyoutamani mkono wake mwenyewe uliokufa ganzi: upo, unajua upo, na huufikii. Siwaelezi ya Luhende kwa sababu nimeshayaeleza.

Na nyumbani Milembe alikuwa anangoja. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, moshi wa miaka mingi ulikuwa umefanya kazi yake, na alichobakiwa nacho kilikuwa masikio. Akipepeta alisita. Akitwanga alisita. Alikuwa anasikilizia kishindo cha mabega mawili kwenye mlango mwembamba. Mlango ulikuwa kimya. Wapo waliorudi kutoka maporini msimu ule, waume na wana wa wenzake, na kila nyumba iliyopata mtu wake ilimwongezea Milembe upweke, ingawa alikwenda kuwapongeza akicheka nao.

Mvua zilipopungua, jirani yake mmoja aitwaye Wande, mwanamke wa biashara ya michembe, akapeleka magunia yake Lubeho kwa njia ya huku nyumbani. Akamkuta Nkwabi, akasikia habari yote tangu mwanzo. Aliporudi hakupita hata kwake, mzigo kichwani akaingia kwa Milembe na kumsimulia. Habari ilipofika kwenye salamu zilizopishana darajani, Wande aliona midomo ya mwenzake inatetemeka, akadhani atacheka.

“Watajie mahali, shoga yangu,” Wande akasema. “Waambie wakutane kwangu, kisha waje kwako wote wawili. Kwisha maneno.”

Milembe akasogeza kuni mafigani. Kisha akasema, “Leo nitawatajia. Nikifa, atawatajia nani?”

Maana alikuwa ameliona jambo lenyewe. Mlango si ule mmoja. Mbele ya wanawe kulikuwa na milango mingi: ya kuoa, ya kugawana shamba, ya kuuguzana, ya kuzikana, na kila mmoja ungewakuta wamesimama, huyu akimngoja yule, na mama hayupo. Alikuwa amewapa kila kitu sawa, na kwa usawa ule akawanyima namna ya kufikiana. Aliwaza pia juu ya dada yake, yule Kulwa wake, aliyekuwa ameshamtangulia hata kaburini. Akakumbuka kwamba utoto wao wote hawakuwahi kupotezana hata siku moja, kwa sababu yeye Doto alijua daima pa kumtafuta mwenzake: mbele. Alilia hapo, na Wande alimwacha alie.

Sasa niwaambie ambalo hakumwambia Wande wala mtu mwingine yeyote. Milembe hakujua. Siku ile ya kujifungua aligeuza uso ukutani, akamwambia bibi yake awaoshe watoto katika maji mamoja na kuwalaza huku na huku, na akijua neno lolote afe nalo. Bibi akafa nalo. Kwa hiyo mama aliyekuwa anaulizwa miaka yote nani alitangulia, na watu wakadhani anaficha, hakuwa na kitu cha kuficha. Alikuwa mtupu kama wao. Alikaa pale jikoni akayatafuta majina mawili moyoni, akayakuta yana uzito mmoja, kama alivyoyaweka. Akayafumbia macho, akalichukua moja.

Akamwambia Wande, “Nenda Lubeho umwambie Nkwabi, kisha nenda Isongwa umwambie Luhende, maneno yaleyale. Nkwabi ndiye Kulwa. Atangulie kuingia nyumbani. Luhende ni Doto, amfuate. Na kila mmoja umwambie kwamba mwenzake ameambiwa.”

Wande akaenda. Kule Lubeho, Nkwabi alilipokea neno lile kichwa kikiwa chini, kama mtu aliyetwikwa mzigo wa mwenzake. Alitaka kukataa. Lakini alijua kwamba Luhende naye anaambiwa, na Luhende ataamini, na akikataa yeye watapotezana tena. Akamwambia Wande kwamba atamalizia kwanza mbao za tajiri, kisha atafunga mzigo wake na vigoda viwili aje. Kule Isongwa, Luhende alisikia kwamba yeye ni wa pili, akauliza tu kama mwenzake ameshaambiwa. Wande akasema ameshaambiwa, ila anamalizia mbao za tajiri kabla ya kuondoka. Luhende akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetua gunia, akacheka peke yake kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Isongwa ilikuwa karibu zaidi kwa njia ile, kwa hiyo aliyefika kwanza kijijini ni Doto. Alikaa kwenye kichuguu mwisho wa shamba la pamba. Aliuona moshi wa jiko la mama yao. Alimwona mama mwenyewe akitoka kuanika michembe, akipapasa ukingo wa jamvi kwa mkono kabla ya kumwaga, na hapo ndipo alipojua habari ya macho yake. Alitaka kumwita. Akajizuia, maana Kulwa alikuwa hajaingia bado. Alikaa pale jua likimzunguka, akiangalia mlango ule mwembamba, umbali wa kuita na kuitikiwa, na sijui kama kuna hamu kubwa kuliko ile aliyoibeba mtu yule kwa hiari yake siku ile.

Alasiri mtu akatokea upande wa pili wa kijiji, amebeba vigoda viwili. Hakutazama kulia wala kushoto. Alitembea moja kwa moja mpaka mlangoni, akainama kidogo, akaingia.

Milembe alikuwa ndani, uso wake umeelekea mafiga. Alisikia nyayo. Hakusikia kishindo. Zilikuwa nyayo za mtu mmoja, zimeingia kirahisi, bila bega kugusa mwimo, na katika maisha yake yote wanawe hawakuwahi kuingia hivyo. Alisahau neno alilolituma yeye mwenyewe. Alijua tu kwamba amerudi mmoja, na mwingine amekufa. Ungo ukamponyoka mkononi.

“Mwenzako yuko wapi?”

Nkwabi hakuwa amemwona Luhende. Hakuwa amegeuka nyuma hata mara moja, na kwa msimu mzima wa mvua kila alipomfuata alimkosa. Alikuwa na neno moja tu la kusimamia.

“Yuko nyuma yangu, mayu.”

Akasogea kando. Mlango ukaingia giza kidogo, kama inavyokuwa mtu anaposimama penye mwanga, na nyayo za pili zikaingia.

Ninyi mnaonisikiliza, najua mtakaloniambia. Mtasema dawa ni unyenyekevu, kila mtu akubali kuwa wa mwisho. Basi hamkunisikia nilipoeleza habari za mlango. Wale walinyenyekeana tangu utotoni, wakawa wanagongana mabega. Mtasema dawa ni mapenzi. Hao walipendana mpaka wakapishana. Kila mmoja wenu ana mtu anayemtamani, labda mume, labda ndugu, labda mwana aliyeondoka na hasira zake. Wewe unangoja kwa sababu unajua anakupenda na siku moja atakuja. Naye ameketi mahali, anangoja, kwa sababu hiyohiyo. Sitakuuliza kama unampenda. Nakuuliza: mmeshaambiana nani atangulie na nani afuate?